Mlango Ubavuni mwa Bi Mejumaa

Mwezi uliopita nilimsindikiza mwanangu wa mwisho hospitali kupimwa saratani ya utumbo mpana. Ametimiza miaka hamsini, kichwa kimejaa mvi, na bado ilibidi mama yake ampeleke, kwa sababu kile kikopo cha choo alichotakiwa kukirudisha alikuwa amekitia ndani ya mfuko wa karatasi, na mfuko wa karatasi ndani ya kikapu, na kikapu amekifunika gazeti, na hata hivyo alitaka turudi nyumbani. Bibi mmoja aliyekaa mbele yetu kwenye benchi akageuka, akamtazama, akacheka. Chake alikuwa amekiweka wazi magotini kama mtu aliyeleta asali sokoni watu waonje. "Mwanangu, mimi huja kila wanaponiita," akamwambia. "Hawa hawaumi." Sauti ile niliijua kabla sijaijua sura. Ilikuwa sauti ya Bi Mejumaa, mpishi wa harusi, ambaye nilikaa nyumbani kwake mwaka mmoja tu, mwaka uliofuata Uhuru. Nikaita, "Riziki?" Bibi akainuka, kikopo mkononi, tukakumbatiana mbele ya watu wote.

Riziki, binti wa Bi Mejumaa, alikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka ule. "Mimi kila mazungumzo yalipofika penyewe nilitolewa nje," aliniambia. "Wewe ulikuwa ndani. Hebu niambie." Nilimsimulia pale pale kwenye foleni, lakini niliruka jambo moja, la kwangu mimi, kwa kuwa mwanangu alikuwa akisikiliza na kwa kuwa niliona haya. Nimeona haya kwa miaka yote hii. Sasa naliandika pamoja na mengine, nimpelekee Riziki asome.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kusomea unesi, nikapangiwa kazi hospitali moja ya pwani yetu ya kusini, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kijijini kwa Bi Mejumaa ukipita njia ya minazi. Mimi ni mtu wa Vanga, sikuwa na jamaa upande ule, na mtu mmoja akanielekeza kwake: mjane, nyumba safi, chumba kipo. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na kidirisha cha ukubwa wa sahani kinachotazama uani, kwenye jiko. Kwa hiyo niliamka kila siku kwa harufu. Bi Mejumaa hakuweza kupika kidogo. Hata siku tulizokuwa watatu, yeye, Riziki na mimi, aliunga mbaazi za nazi kama anayengojea wageni, akakaanga mahamri, akatandika mkeka ukumbini na kutuita. Masufuria yake ya harusi, makubwa hata Riziki aliweza kukaa ndani, yalikuwa yamefudikizwa ukutani, na watu walitoka Gasi, walitoka Bodo, kuja kumwambia siku ya harusi kabla hawajamwambia kadhi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya juu, mwenye kujua kwamba anatakiwa.

Miezi miwili ya kwanza sikuona kitu. Nilikuwa nimesoma, nina vazi jeupe na saa ya kubandika kifuani, na mwenye maradhi ndani ya nyumba niliyolala sikumwona. Baadaye nikagundua kwamba anapakua lakini hali. Anamega, anasogeza, anamwongezea Riziki. Kanga zake alianza kuzikunja mara mbili kiunoni. Akikaa, anakalia upande mmoja. Na choo, ambacho kilikuwa nyuma ya ua, alikwenda na kopo lake la maji mara sita, mara saba kwa asubuhi moja, akirudi kila mara amekunja uso. Nilipomuuliza alisema, "Haja inaniita mwanangu, nikienda siikuti. Kama mtu anayebisha hodi kisha akajificha." Nikamuuliza kama anaona damu. Akanitazama kwa hasira. "Bawasiri," akasema. "Nani hana?"

Siku moja mchana nilikuwa chumbani nimepumzika, nikamsikia ukumbini na Bi Tima. Bi Tima alikuwa jirani na mwenzake tangu utoto, mwanamke mwembamba, mpole, mwenye binti aliyekuwa anakaribia kuolewa. Bi Mejumaa akasema, "Tima, hizi bawasiri zitaniua. Damu hii si ya mchezo." Kisha Bi Tima akasema taratibu, "Wanawake wa rika letu sote tunazo, dada. Kunywa mwarobaini, zitatulia." Nikatoka chumbani, nikakaa nao bila kualikwa, nikasema, "Mama, kesho twende hospitali. Daktari atakupima, basi."

"Atapima nini?"

Nikamweleza. Kidole kimoja, chenye glavu na mafuta, dakika mbili. Bi Tima akajifunika uso kwa kanga. Bi Mejumaa akauliza, "Kidole cha nani?"

"Cha daktari, mama."

"Yule kijana wa Kihindi? Aliyekula pilau yangu Idi?" Akatingisha kichwa. "Nimezaa, nimezika mume, sijatazamwa na mwanamume mwingine. Leo nianze na huko?"

Ilichukua wiki tatu. Nadhani kilichomtoa nyumbani ni siku alipoanguka jikoni akiwa na upawa mkononi, kwa upungufu wa damu. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache na adabu nyingi. Alimwamkia shikamoo kabla ya kila kitu, akamlaza ubavu, akamfunika shuka, na mimi nikasimama upande wa uso wake. Dakika mbili kweli. Nilimtazama daktari nikaona kidole kimefika mahali kikasimama. Aliponawa aliniambia kwa sauti ya chini: uvimbe mgumu wenye kingo, chini kabisa, ndani ya njia. Si bawasiri. Akaandika barua ya kwenda Mombasa siku hiyo hiyo. "Wengi hunijia wakati siwezi tena kuwaandikia barua," akasema.

Daktari mpasuaji wa Mombasa alikuwa Mzungu wa makamo aliyejua Kiswahili cha kuombea chai. Alitaka nimfasirie: uvimbe utakatwa wote, na kwa kuwa uko chini mno, njia ya zamani itashonwa, na utumbo utatolewa ubavuni kushoto. Choo kitatoka hapo maisha yake yote. Bi Mejumaa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Nitapika?" Daktari akafurahi kuona ameelewa bila kufasiriwa. Akamjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake: "Ndiyo, mama, tapika kidogo, siku mbili, tatu. Ile dawa ya kulala." Mimi na Bi Mejumaa tukatazamana. Akaanza kucheka, akacheka hata machozi yakamtoka, na daktari naye akacheka bila kujua kwa nini. Nami nikasahau kumfasiria swali lenyewe. Aliingia chumba cha upasuaji bila kujibiwa.

Alirudi kijijini baada ya wiki saba, nusu ya mwili wake. Mimi nilikuwa nimekaa Mombasa siku nne nikifundishwa na nesi mkuu wa wodi jinsi ya kumhudumia: maji ya vuguvugu katika chombo kilichotundikwa juu, mpira mwembamba, uyaingize pale ubavuni polepole, ungoje, yatoke na kila kitu. Ukifanya hivyo kila asubuhi saa ile ile, tumbo huzoea, na mchana kutwa hakitoki kitu cha maana. Unafunika kitambaa safi na pamba, unafunga mkanda. Tulifanya hivyo kila siku baada ya mimi kusali alfajiri, mlango wa chumba chake umefungwa, Riziki ametumwa kuchota maji. Wiki ya kwanza hakutazama. Aligeuza uso ukutani na kunipa ubavu kama unavyompa mtu mkono akutoboe sindano. Wiki ya pili akainamisha kichwa, akakiangalia kile kinyama chekundu chenye unyevu, akasema, "Kumbe kama komamanga lililopasuka." Wiki ya tatu akanipokonya ule mpira. "Umekaza mno," akasema. "Toka, nitafanya mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoona kwamba ni mpishi kuliko alivyo kitu kingine chochote. Alikichunguza chakula upya, kimoja kimoja, kama anayenunua viungo. Mbaazi zilimjaza upepo ukatoa sauti mbele ya watu, akazifukuza nyumbani. Papai lilimkimbiza, ndizi za kupika zilimtuliza, wali mkavu ulimfaa, samaki wa kukausha akawa na harufu isiyoondoka. Alinituma kwa shehe wa msikiti nimuulize, bila kutaja jina, kama mwanamke wa namna ile anaweza kusali, maana tangu arudi alikuwa hajagusa mswala na jambo hilo lilimla kuliko kidonda. Shehe hakuuliza ni nani. Alisema mgonjwa wa namna hiyo ana udhuru: wakati wa sala ukiingia ajisafishe awezavyo, atawadhe, asali, asirudi nyuma kujikagua. "Mwambie dini haikuja kumfungia mgonjwa mlango," akasema. Nilipomfikishia alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, kichwa chini, na nilijua analia kwa sababu hakuna mchele unaochambuliwa polepole vile. Adhuhuri akasali. Siku ile jioni alifudua sufuria moja ya harusi akaisugua kwa majivu, na Bi Tima alipokuja kumjulia hali wakakubaliana: harusi ya bintiye, baada ya miezi miwili, atapika Mejumaa kama ilivyopangwa tangu mtoto alipozaliwa.

Sasa lile langu. Nilikuwa nimechumbiwa, na wifi yangu mtarajiwa, Mwanakombo, alikuwa akija kunisuka. Alasiri moja ameniweka katikati ya magoti yake uani, akaona ule mpira umeanikwa kwenye kamba. "Ule wa nini?" akauliza. Ningeweza kusema ni wa hospitali. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, Mwanakombo alikuwa mkubwa kwangu na mjuzi wa kila jambo, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa na kitu asichokijua. Nikamwambia. Nikamwambia Bi Mejumaa anajisaidia ubavuni, na nikamwonyesha mahali kwa kidole, juu ya gauni langu. Akaguna, akaendelea kusuka. Nikamwambia asimwambie mtu. Nakumbuka raha niliyoisikia. Haikuwa hata ya dakika kumi.

Ijumaa iliyofuata, kisimani, wanawake wawili hawakujua niko nyuma yao. "Wasema uchafu wamtoka ubavuni," mmoja alisema. "Hata akikoroga." Mwenzake akatema mate. Jumapili Bi Tima akaja na kilo mbili za sukari, akakaa ukingoni mwa mkeka. Nilikuwa ukumbini, siwezi kusema sikusikia.

"Dada, tumeona tukupumzishe," alisema. "Maradhi yako bado mabichi. Tumempata mtu wa Ukunda."

"Ahsante," Bi Mejumaa akajibu. "Mmenifikiria."

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa, Tima. Sukari hii ya nini? Mimi si mkiwa."

Bi Tima hakuinua macho muda wote, na alipoondoka aliacha sukari mlangoni. Bi Mejumaa alibaki ameketi, kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Nani amesema ubavuni? Mombasa hawanijui. Hapa wanajua nilikatwa, hawajui wapi." Nikasema, "Ni mimi, mama." Nikamweleza yote, hata kidole juu ya gauni. Nilitarajia anifukuze na nilikuwa nimekwisha kuhesabu moyoni vitu vya kufunga. Hakunifukuza. Kwa siku tatu alinipakulia chakula kama kawaida, akakiweka mkekani, akaenda kula jikoni peke yake. Sijapata adhabu kama ile tangu hapo. Nimefanya kazi hospitali miaka thelathini na sita, nimeshika siri za watu ambao hata jina lao siwezi kuliandika, na kila nilipokaribia kufungua mdomo niliona sahani ile moja mkekani.

Siku ya nne akaja na sahani yake, akakaa. "Umetoa nusu," akasema. "Habari nusu ndiyo inayonuka. Alhamisi nitawaita, na wewe utawaeleza nzima, kwa vazi lako jeupe." Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Alhamisi kwanza."

Walikuja wanawake kumi na wawili au kumi na watatu, alasiri, kwa kahawa na kaimati alizokaanga mwenyewe. Kaimati zilibaki sahanini zikipoa. Nilisimama nikaeleza utumbo ni nini, uvimbe ulikuwa wapi, kwa nini njia imehamishwa. Nilipomaliza Bi Mejumaa akasimama, akafungua mkanda, akashusha kanga upande mmoja. "Hili ndilo," akasema. "Litazameni sasa, msije mkalitazama kwa midomo." Mmoja akaanza kulia. Mwingine, mama mtu mzima wa bara aliyeolewa pwani, akasogea karibu kabisa, akainama, akasema, "Mbona safi kuliko mdomo wa mume wangu?" Chumba kizima kikacheka, na baada ya kicheko kile wakaanza kuuliza. Linauma? Haliumi. Analala vipi? Chali, na ubavu wa kulia. Lilianzaje? Hapo akaketi, akawasimulia bila kuficha: damu kwa mwaka mzima, haja inayoita na isiyokuja, choo chembamba kama kamba, kukonda. "Nilisema bawasiri, kwa sababu bawasiri haina aibu kubwa," aliwaambia. "Huyu mtoto ndiye aliyenivuta. Alinitoa siri, ndiyo, nami nimemkasirikia. Lakini alinivuta." Kaimati mbili tatu zikaliwa. Bi Tima alikuwepo, karibu na mlango. Nilipotazama tena hakuwepo.

Wiki zilizofuata walinijia hospitali wanawake watatu, mmoja mmoja, kila mmoja akisema anamuulizia mwenzake. Wawili walikuwa na bawasiri kweli. Wa tatu alikuwa na kichocho, akapewa dawa, akapona. Harusi ikapita na mpishi wa Ukunda. Bi Mejumaa alikaa nyumbani siku zote zile akishona, na ngoma tulizisikia kutoka ukumbini.

Fungate ilipokwisha, asubuhi, tukiwa jikoni, Bi Tima akabisha hodi mlango wa uani. Hakukaribia jiko. "Mejumaa," akasema, "yale uliyoyasema Alhamisi. Mimi ni mwaka wa pili." Akashika nguzo ya mlango. "Nilisema mwanangu aolewe kwanza. Nani angemtaka, mama yake akiwa hivyo? Kila nilipokutazama nilijiona mimi. Sikuweza kukuweka mbele ya masufuria, watu wakuzungumze, nami nisikie." Bi Mejumaa alikuwa na kisu na kitunguu mkononi. Aliviweka chini, akafuta mikono, akachukua buibui lake msumarini. "Twende," akasema, kisha akanigeukia mimi. "Saumu, chukua mwavuli, jua kali."

Daktari yule yule alimpima. Safari hii kidole kilikaa muda mfupi, na mkono wake mwingine ukapanda juu, chini ya mbavu za kulia, ukabonyeza, ukabaki pale. Nilikuwa nimejifunza kumsoma. Aliandika barua ya Mombasa, kwa kuwa haki ya mtu ni kuandikiwa, na Mombasa walimfungua wakamfunga. Ini lilikuwa limekwisha kushikwa. Wanawake wale wawili walizaliwa mwaka mmoja, walicheza kwenye mchanga mmoja, na maradhi yao yalikuwa mamoja. Bi Mejumaa aliishi miaka ishirini na mitatu baada ya kisu, akapika harusi nisizoweza kuzihesabu, yangu ikiwamo, na wako watu ambao hawakula chakula chake mpaka kufa kwake, naye aliwajua kwa majina na hakuacha kuwapakulia. Bi Tima alibakiwa na miezi mitano.

Nilikwenda kwake kila nikitoka kazini, kumgeuza na kumpa dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Chumba chake kilikuwa na dirisha la upande wa bahari na upepo mzuri. Mabinti zake walimpikia kila kitu, naye aligeuza uso kwa kila kitu. Siku moja mchana nikamkuta Bi Mejumaa ameketi kitandani kwake, kibakuli mapajani, uji wa mchele wa tui jepesi, na hiliki imenukia hadi nje. Alimpa kijiko, akangoja. Akampa kingine.

"Chumvi umetia?" Bi Tima aliuliza.

"Kidogo."

Akameza. "Yule mtu wa Ukunda," akasema, pumzi ikimkatika, "wali wake ulikuwa na kiini."

"Nilisikia."

"Nani alikwambia?"

"Watu wote, Tima. Walikuja mpaka nyumbani kuniambia."

Bi Tima akacheka, kicheko kidogo kilichomuuma, akashika mkono wenye kijiko asije akaumwaga uji. Kisha akauacha, akafungua mdomo, naye akala mpaka bakuli likaisha.